Mafunzo Niliyopata kwa Wagonjwa wa Mabusha na Matende

Kazi yangu ni uuguzi wa chumba cha upasuaji. Nimeifanya mkoani Tanga, katika hospitali za wilaya na katika kambi za upasuaji wa mabusha, na kwa kipindi fulani niliazimwa na timu ya watafiti waliokuwa wakiufuatilia ugonjwa huu vijijini. Ugonjwa ni mmoja ila sura zake ni nyingi. Chanzo chake ni minyoo wembamba waitwao Wuchereria bancrofti. Mbu huwaingiza mwilini wakiwa wachanga, nao wakishakomaa hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka kadhaa, wakizaa mamilioni ya vijiminyoo wanaozunguka katika damu. Mishipa hiyo ikiharibika, maji ya mwili hukosa njia. Kwa mwanamume mara nyingi hujikusanya katika mfuko wa korodani, likawa busha. Kwa wengine, wanawake wakiwa wengi, mguu huvimba ukawa tende. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa wanaume milioni 25 wana mabusha, na watu zaidi ya milioni 15 wana matende.

Nilipoanza nilidhani kazi kubwa ni kumuua mnyoo. Wagonjwa wamenifundisha kuwa kumhudumia mtu aliyekwisha kuvimba ni kazi kamili inayojitegemea, yenye sayansi yake na makosa yake, na kwamba tumeitafiti kidogo mno kuliko inavyostahili. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ulizia maisha kabla ya kuulizia uvimbe

Dodoso letu la kwanza lilikuwa na maswali safi ya kitabibu. Uvimbe ulianza lini? Uko upande gani? Unauma? Umewahi kupasuliwa? Wanaume walijibu kwa adabu na kwa ufupi. Dodoso likishafungwa na kalamu kurudi mfukoni, ndipo wanaposema kilichowaleta.

Mkwezi wa minazi alikuja kwa sababu hawezi tena kuukumbatia mti kwa miguu. Kijiji kizima kilikuwa kikimtegemea kuangua nazi, na sasa alikuwa akilipwa kuzikusanya chini tu, kazi ya watoto. Mvuvi alikuwa amebaki ufukweni anapara samaki wa wenzake, na ujira wa kupara samaki haufikii fungu la baharia. Kijana wa miaka thelathini na kitu alikuwa amevunja uchumba mwenyewe, akiwaacha watu waamini kuwa ni mhuni, mradi tu binti wa watu asije akajua.

Mzee mmoja aliniambia jambo ambalo halikuwa katika karatasi yoyote. Busha likikua sana, uume huzama ndani ya ngozi, na mkojo humwagikia kwenye uvimbe badala ya kutoka mbali. Kwa hiyo hakuwa na hakika tena na tohara yake. Alikuwa akisali nyumbani peke yake kwa miaka, naye alikuwa muadhini. "Mwanangu," aliniambia, "mimi sala sijaiacha, nimeacha safu."

Baada ya hapo tuliongeza maswali kuhusu kazi, ibada, ndoa na safari. Nayathamini majibu yake kuliko vipimo vyote vya sentimita tulivyochukua. Mpasuaji akiandika kuwa kidonda kimepona, ameandika nusu ya matokeo. Nusu ya pili ni kama mkwezi amerudi juu ya mnazi.

2. Minyoo hawa wana saa zao, na mtafiti hana budi kuzifuata

Mwaka 1877, Patrick Manson, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy nchini China, aligundua kuwa minyoo hawa hukua ndani ya mbu. Ikabainika pia kuwa vijiminyoo huonekana katika damu ya mshipa wa juu usiku, kisha mchana hurudi kujificha ndani ya mapafu. Wamejipanga na saa ambazo mbu wao huuma. Ukimtoboa mgonjwa kidole saa nne asubuhi, utamwambia ni mzima, naye atakwenda zake na minyoo yake.

Hivyo miaka yote ya utafiti wa zamani huku Tanga damu ilichukuliwa usiku, kati ya saa nne na saa nane. Sasa jiweke katika nafasi ya mwanakijiji. Gari geni linaingia baada ya isha, limejaa watu wenye makoti meupe, sindano na vioo. Wanataka damu. Pwani yote hii imekua na habari za mumiani, wanyonya damu wanaokuja usiku na magari. Watu waliotufungia milango hawakuwa wajinga. Walikuwa na kila sababu ya kufikiri walivyofikiri.

Kilichofungua milango ni hadubini. Mtaalamu wetu wa maabara aliiweka mezani kwenye baraza, akawasha karabai, akaomba damu ya mwenyekiti wa kijiji kwanza, kisha akawaita watu waje watazame tone lile lile lililotoka kidole kile kile. Vijiminyoo hai huonekana wakijinyonganyonga na kuzisukuma chembe nyekundu huku na huku. Mwenyekiti alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akamwita mkewe na wanawe wote waje kupimwa. Usiku ule tulifunga kazi karibu na alfajiri.

Siku hizi kuna vipimo vya kadi vinavyotafuta alama za mnyoo mkubwa katika damu, na alama hizo hazijali mchana wala usiku. Ni maendeleo makubwa. Hata hivyo ningependa kila kijana anayeanza utafiti apitie walau usiku mmoja wa namna ile, ajue ridhaa ya mtu hupatikana vipi.

3. Anayelaumu madafu ameona jambo la kweli

Pwani wengi watakuambia busha linaletwa na kunywa madafu. Wengine watataja kupanda baiskeli, kubeba mizigo mizito, au kurithi kwa ukoo. Nimewaona wenzangu wakicheka kwenye mikutano ya elimu ya afya, na kila walipocheka, waliokaa mbele yao walifunga masikio.

Tazama alivyofikiri huyo anayelaumu madafu. Ameona kuwa mabusha ni mengi pwani na machache milima ya Usambara. Ameuliza pwani kuna nini kisichokuwepo milimani, akaona minazi. Uchunguzi wake wa mahali ni sahihi kabisa. Alichokosa ni mbu, naye mbu ni mgumu kumshtaki kwa ugonjwa huu, kwa maana haumwi mtu leo akavimba kesho. Hapa si sawa na malaria. Mtu huhitaji kuumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi sana, pengine kwa miaka, ndipo minyoo wa kike na wa kiume wakutane ndani yake na kuzaa, na uvimbe wenyewe waweza kuja muda mrefu baadaye. Nani atamkumbuka mbu wa miaka kumi iliyopita?

Nilipoanza kujibu kwa njia hiyo, nikisema kwanza kuwa wameona sawa juu ya mahali, mikutano ilibadilika. Maswali yalikuwa mazuri. Kijana mmoja aliuliza kwa nini mjini Tanga, penye minazi michache, pana mabusha pia. Nikamweleza kuwa huku kwetu mashambani minyoo huenezwa na mbu wale wale wa malaria, ilhali mjini kazi hiyo hufanywa zaidi na mbu aina ya Culex, anayezaliana katika vyoo vya shimo na maji machafu yaliyotuama.

Hapo huwa nawasimulia habari za Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga chembe ndogo nyeupe za polistirini, zile nyepesi zinazoelea, ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe zilitanda juu ya maji, viluwiluwi wa mbu wakakosa pumzi, na mbu wa kike wakakosa mahali pa kutagia. Wakati huo huo watu walipewa dawa ya kuua vijiminyoo. Mbu wakapungua sana, maambukizi nayo yakashuka, na chembe ziliendelea kuelea miaka baada ya kuwekwa. Sijaona mkutano wa kijiji ambao habari hii haikuufurahisha.

4. Si kila uvimbe ni busha

Kambi ya upasuaji ina hatari yake: kila anayepanga foleni amekwisha kupewa jina la ugonjwa wake na jirani yake. Daktari akichoka, atalikubali jina hilo. Mimi huwasihi vijana wasilikubali mpaka wamefanya mambo mawili yasiyogharimu kitu.

La kwanza ni tochi. Zima taa, weka mwanga nyuma ya uvimbe. Maji safi hupitisha mwanga, uvimbe ukang'aa wekundu wote. La pili ni vidole: jaribu kuufikia mwanzo wa uvimbe juu, pale mfuko unapoungana na kinena. Ukiweza kuushika mwisho wake, huenda ni busha. Vidole vikishindwa kupita kwa sababu uvimbe unapanda mpaka tumboni, hiyo ni ngiri, na ndani yake mna utumbo. Ole wake mgonjwa huyo akichomwa sindano ya kunyonya maji na mganga wa mtaani. Nimewapokea waliochomwa hivyo, na si wote tulioweza kuwaokoa.

Mwanga usipopita, fikiri tena. Busha la miaka mingi huwa na kuta nene, basi huenda ni hilo. Huenda ni damu iliyovilia baada ya mtu kuanguka, au usaha. Huenda ni kifua kikuu, ambacho hushambulia korodani pia na huacha kitundu kinachochuruzika. Huenda ni saratani ya korodani, tena kwa kijana, na hapa makosa hayarekebishiki, kwa kuwa uvimbe huo haupasuliwi kupitia ngozi ya mfuko. Hupasuliwa kupitia kinena ili saratani isisambae.

Kuna pia hali adimu ambazo minyoo wenyewe huzileta. Mara chache tumefungua busha tukakuta maji meupe kama maziwa. Hiyo ni limfu iliyobeba mafuta kutoka kwenye utumbo, imepotea njia kwa sababu mshipa umepasuka au umeziba. Wapo wanaokojoa mkojo wa rangi hiyo hiyo. Hao hukonda na kudhoofika, kwa kuwa mafuta na protini ya chakula chao vinatoka na mkojo, na wengi huwa wametibiwa kichocho au kisonono kwa muda mrefu kabla ya mtu kuuliza swali jingine. Tiba yao huanza na chakula chenye mafuta kidogo na protini ya kutosha, pamoja na maji mengi. Wachache sana huhitaji upasuaji.

Hospitali ndogo haiwezi kuwa na utafiti wa maelfu ya wagonjwa wa namna hiyo. Inachoweza ni kuandika kila mmoja vizuri: rangi ya maji, kiasi chake, hali ya korodani, na majibu ya patholojia. Kinyama chochote kilichotia shaka kitiwe kwenye fomalini na kipelekwe. Maarifa ya magonjwa adimu yote yamejengwa hivyo, mgonjwa mmoja mmoja, na mtu fulani aliyejali kuandika.

5. Kambi ikiondoka, kidonda kinabaki

Kunyonya maji kwa sindano hakuponyi busha. Maji hurudi, na kila tundu la sindano ni mlango wa vijidudu. Busha hutibiwa kwa kisu, na upasuaji wenyewe una namna kuu mbili. Moja ni kuufungua utando unaozunguka korodani na kuugeuza nje ndani, kisha kushona. Ni ya haraka. Ya pili ni kuukata utando na kuutoa karibu wote, zikibaki kingo nyembamba tu kandokando ya korodani. Huchukua muda zaidi, na huhitaji mkono mtulivu wa kuzuia damu, kwa kuwa kila ukingo uliokatwa hutaka kuvuja. Wataalamu waliofanya kazi nyingi za mabusha yaletwayo na minyoo, wakiongozwa na Gerusa Dreyer wa Recife nchini Brazil, walishauri hii ya pili, kwa sababu utando ulioharibiwa na minyoo ukiachwa, maji huweza kurudi. Mimi si mpasuaji, ila nimesimama upande wa pili wa meza kwa muda wa kutosha kukubaliana nao.

Linalonihusu zaidi ni saa na siku zinazofuata. Mfuko wa korodani umelegea, hauna kitu cha kuibana damu inayovuja, basi damu ndogo tu huweza kujaza nafasi yote kabla mtu hajajua. Kwa hiyo tunaweka mrija wa kutolea damu kwa waliokuwa na mabusha makubwa, tunafunga bendeji inayoinua mfuko juu, tunawalaza chali. Nguo ya ndani ya kubana huwa ni sehemu ya tiba yenyewe. Nimeona bajeti ya kambi ikiwa na fulana zenye nembo kwa kila mtumishi, bila chupi hata moja kwa mgonjwa. Naiona hiyo kuwa ni dharau kwa mgonjwa.

Kisha kambi hufungwa. Magari huondoka na daktari bingwa, mashine ya kuchemshia vyombo, na picha za mgeni rasmi. Mgonjwa anarudi kijijini kwa bodaboda, kwenye barabara ya makorongo, akiwa na nyuzi mbichi. Siku ya nne au ya tano kidonda kinaanza kutoa maji yenye harufu. Zahanati iliyo karibu haikuhusishwa na kambi, haina karatasi inayoonyesha alifanyiwa nini, wala dawa aliyoandikiwa. Akiona hivyo hurudi kwa mganga aliyemwambia tangu mwanzo kuwa hospitali humaliza nguvu za kiume. Na habari za kidonda kimoja kibaya hukimbia vijijini upesi kuliko habari za mia waliopona.

Tulipokuja kubadili utaratibu, tulianzia huko mwisho. Muuguzi wa zahanati alialikwa kambini kabla ya siku ya upasuaji, akaingia chumbani, akaona utando ukitolewa, akajifunza kubadili bendeji na kutofautisha uvimbe wa kawaida wa wiki ya kwanza na damu iliyovilia. Kila mgonjwa aliondoka na kadi yenye mchoro wa upande aliopasuliwa, na namba ya kupiga. Waliotoka mbali walilala wodini mpaka mirija itolewe, hata kama orodha ya kesho ilipaswa kupunguzwa. Kuhusu nguvu za kiume, tuliwaomba waliopona waje kuzungumza na wanaosubiri, faraghani, bila mwanamke yeyote kuwepo, nami nikiwemo katika waliotolewa nje. Sijui walisema nini. Najua waliokuwa wakiondoka usiku wa kuamkia upasuaji waliacha kuondoka.

6. Maji na sabuni ni tiba, na inafaa ifundishwe kama tiba

Kwa muda mrefu waganga waliamini kuwa tende hukua kwa sababu ya mnyoo peke yake, na kwamba mguu ukishavimba hakuna la kufanyika. Dreyer na wenzake kule Recife walionyesha kuwa mkosaji mkubwa baada ya mnyoo ni bakteria wa kawaida wa ngozi. Wanaingia kupitia michubuko, hasa nyufa baina ya vidole vya miguu. Mgonjwa anapata homa kali, baridi inamtetemesha, mtoki unasimama kinenani, mguu unakuwa mwekundu na wa moto. Shambulio linapita baada ya siku kadhaa, na kila linapopita mguu unabaki mnene kuliko ulivyokuwa. Kuzuia mashambulio ni kuuzuia mguu usikue.

Maelekezo yake yanaandikika kwenye kadi ndogo. Osha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, polepole, mpaka ndani ya kila mkunjo. Kausha kwa kitambaa laini, na baina ya vidole kausha zaidi. Paka dawa ya fangasi au ya vidonda palipochubuka. Inua mguu usiku na kila unapokaa. Zungusha kifundo cha mguu mara nyingi mchana. Vaa viatu visivyobana.

Kuyafundisha ndiyo kazi. Ukimpa mama kipande cha sabuni na maneno, anakushukuru na anakwenda kufulia nguo za wajukuu, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kuwa kipande kile kina thamani ya dawa. Nilijifunza kukaa chini, kuuweka mguu wa mgonjwa mapajani pangu, na kuuosha mwenyewe mbele ya jamaa zake. Wengi wao hawajaguswa mguu ule na mtu mwingine kwa miaka, na baadhi hulia. Mkwe au binti anayetazama huona kuwa haunuki ukioshwa, na hauambukizi kwa kuguswa. Kisha namwachia yeye amalizie. Kule ambako maji huchotwa mbali, suala hili ni la ndoo na safari ya kisimani, na mama mwenye tende ndiye aliye mzito kuliko wote kwenda kuchota. Mradi wowote wa matende usioulizia kisima kiko wapi umeruka sura ya kwanza.

7. Majibu ya utafiti yarudi kijijini

Mwaka 2005 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika kijiji cha Kimang'a, wilayani Pangani. Wanaume 72 wenye maambukizi walishiriki. Wengine walipewa doksisaiklini miligramu 200 kila siku kwa wiki nane, wengine vidonge visivyo na dawa, na si wao wala waliowagawia waliojua nani ana kipi. Fikra yenyewe ilikuwa nzuri sana: ndani ya mnyoo huishi bakteria aitwaye Wolbachia, na mnyoo hawezi kuishi vizuri wala kuzaa bila yeye. Muue bakteria, na mnyoo atakufa taratibu. Miezi 14 baadaye, watafiti walipotazama kwa mashine ya utrasaundi, waliwaona minyoo hai kwa watu 6 tu kati ya 27 waliopimwa katika kundi la dawa, na kwa 24 kati ya 27 wa kundi jingine.

Dunia nzima ya wataalamu wa minyoo inakijua kijiji cha Kimang'a. Ni jambo la kujivunia kwa Pangani, na huwa nalitaja kila ninapopata nafasi, kwa sababu ujasiri wa kumeza kidonge kila siku kwa wiki nane bila kujua ni dawa au la ni ujasiri wa kweli. Dawa hiyo haiwezi kugawiwa kwa umma wote, kwa maana wiki nane ni nyingi, na wajawazito na watoto wadogo hawaruhusiwi kuimeza. Hata hivyo ilifungua njia ambayo watafiti bado wanaifuata, ya kutafuta dawa ya muda mfupi zaidi itakayomlenga bakteria yule yule.

Katika tafiti nilizofanya kazi mimi, nimedai jambo moja kila mara: kabla timu haijaondoka kabisa, mkutano wa mwisho ufanyike chini ya mwembe ule ule tulioombea ridhaa, na majibu yasemwe kwa Kiswahili cha watu. Watafiti wengine hudhani mambo yenyewe ni magumu mno. Waliotoa damu yao usiku wana haki ya kujua ilionyesha nini, na nimewasikia wazee wakiuliza juu ya kundi lisilopewa dawa maswali ambayo yangefaa chuo kikuu.

8. Kuutokomeza ugonjwa na kuwatibu wagonjwa ni hesabu mbili

Baada ya azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1997, nchi zilikubaliana kuuondoa ugonjwa huu usiwe tena tatizo la jamii. Tanzania ilianza ugawaji wa dawa kwa umma mwaka 2000 kisiwani Mafia, kwa albendazole na ivermectin zitolewazo bure na watengenezaji wake. Aliyeiongoza kazi hiyo ni Dkt. Mwele Ntuli Malecela, aliyeingia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1987 na kuufanyia utafiti ugonjwa huu katika kituo cha Amani, huku kwetu Tanga. Baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa taasisi hiyo, kisha mkurugenzi wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani, mpaka alipofariki Februari 2022. Watu wa kazi hii tulimpenda kwa sababu moja kubwa. Tangu mwanzo, katika mpango wake, upasuaji wa mabusha ulikaa pamoja na vidonge.

Togo ilithibitishwa kuwa imefaulu mwaka 2017, na Malawi mwaka 2020. Hata masharti ya uthibitisho huo yanadai nchi ionyeshe kuwa wenye matende na mabusha wanapata huduma. Kwa vitendo, nimeona vidonge vikipewa magari, redio na bendera, huku waliokwisha kuvimba wakisubiri kambi ya mfadhili ambayo haina tarehe. Kidonge kinamlinda mtoto wa mkwezi. Busha la mkwezi mwenyewe hakiliondoi.

Kwa hiyo ninachokiomba katika kila kikao cha halmashauri ni kidogo na kinajulikana gharama yake. Siku moja ya kila wiki katika hospitali ya wilaya iwe ya mabusha, mwaka mzima, kambi iwepo au isiwepo. Mpasuaji wa wilaya na msaidizi wake wafundishwe upasuaji wa kuutoa utando. Kila zahanati iwe na daftari la wenye mabusha na matende wa eneo lake, likionyesha kijiji, kazi ya mtu, tarehe ya upasuaji na tarehe aliyotembelewa baada yake, na daftari hilo litunzwe na muuguzi mmoja anayeaminika, kwa kuwa siri ya mtu imo humo. Nyuzi, ganzi na vyombo vinavyohitajika ni vile vile vya kupasulia ngiri, na hospitali ya wilaya inavyo tayari.